Platinamu ndani ya damu: Namna madini ya thamani yanavyopimwa katika sampuli zenye protini

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Kivinje

MGONJWA wa homa akifika hospitalini au katika zahanati wilayani Kilwa, kama ilivyo kwingineko nchini, mhudumu humchoma kidole, huchukua tone moja la damu na kuliweka katika kipimo cha haraka cha malaria kinachojulikana kwa kifupi kama mRDT. Baada ya takriban dakika 15 hadi 20 majibu husomwa. Mstari mmoja wa udhibiti maana yake malaria haikuonekana. Mistari miwili maana yake ipo.

Wachache miongoni mwa wanaosubiri majibu hayo hufahamu kuwa wekundu ule hautokani na wino wala damu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, rangi inayoonekana ni ya dhahabu.

Chembe zake ni ndogo mno, kwa kawaida nanomita 20 hadi 40, na dhahabu ikisagika kufikia udogo huo hupoteza rangi yake ya manjano na kuwa nyekundu. Mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alilieleza jambo hilo mwaka 1857. Chembe hizo huvikwa kingamwili, ambazo ni protini. Kingamwili zikikutana na protini ya kimelea cha malaria huinasa, na dhahabu inayokusanyika mahali pamoja ndiyo hujichora kuwa mstari.

Kwa maneno mengine, mhudumu wa afya wa Kivinje hutazama kila siku dhahabu iliyoshikamana na protini. Hata hivyo, jicho lake hujibu swali moja tu, nalo ni kama kitu kipo au hakipo. Swali gumu zaidi ni kipo kwa kiasi gani.

Kwa mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa zenye platinamu, swali hilo ni zito. Dozi ikiwa ndogo, ugonjwa husonga mbele. Ikizidi, huumiza figo, masikio au uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Makala haya yanaeleza namna wakemia wanavyopima madini hayo katika damu na nyama za viumbe, kwa nini kazi hiyo ni ngumu, na inamhusu vipi mwananchi wa kawaida.

Kutoka mithkali hadi nanogramu

Upimaji wa dhahabu si jambo geni katika pwani hii. Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulio kusini mwa Kivinje, ulistawi kwa biashara ya dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, katika Msumbiji ya leo. Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331 aliukuta ukiwa katika neema. Kipimo kilichotumika sana katika biashara ya Bahari ya Hindi kilikuwa mithkali, uzito wa takriban gramu 4.25.

Mkemia anayepima madini katika damu huhesabu kwa nanogramu. Gramu moja ina nanogramu bilioni moja, hivyo mithkali moja tu ya wafanyabiashara wale ina nanogramu zaidi ya bilioni nne.

Ili msomaji apate picha, achukue gramu moja ya platinamu na kuikoroga katika maji ya malori 100, kila lori likiwa na tangi la lita 10,000. Maji hayo sasa yana mikrogramu moja ya platinamu katika kila lita, yaani sehemu moja katika bilioni. Maabara za damu hutakiwa kupima viwango vya namna hiyo, na mara nyingi vilivyo chini zaidi.

Mgodini mambo ni tofauti. Mchimbaji huhesabu gramu za dhahabu katika tani moja ya mawe, yaani sehemu moja katika milioni. Maabara ya migodini huweza kuchukua gramu 30 hadi 50 za unga wa mawe, kuuyeyusha pamoja na risasi katika tanuru na kupima dhahabu inayobaki. Njia hiyo imetumika kwa karne nyingi na bado inaaminika. Haifai hata hivyo kwa mwili wa binadamu, kwani hakuna mgonjwa awezaye kutoa gramu 50 za figo yake.

Madini haya huingiaje mwilini

Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na takriban miligramu 0.2 tu za dhahabu, zinazotokana na chakula, maji na vumbi. Kiasi kikubwa zaidi huingia kwa njia ya dawa. Mwaka 1929 daktari wa Ufaransa, Jacques Forestier, alitangaza matumizi ya chumvi za dhahabu kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Kidonge cha auranofini, chenye dhahabu, kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985.

Madini ya fedha hutumika katika malhamu na bandeji za majeraha ya moto, kwa kuwa huua bakteria. Anayeyatumia kwa wingi na kwa muda mrefu, hususan kwa kuyanywa, anaweza kubadilika ngozi ikawa ya kijivu chenye ubuluu, hali ambayo kwa kawaida haiondoki.

Paladiamu hutumika katika baadhi ya meno ya bandia na, pamoja na platinamu na rodiamu, katika vichujio vya moshi vya magari. Chembe zake hutoka kwenye bomba la moshi na kuchanganyika na vumbi la barabarani.

Platinamu ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko yote katika tiba. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa michanganyiko ya platinamu huzuia bakteria kugawanyika. Matokeo hayo yaliongoza kwenye dawa ya sisplatini, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 1978. Karboplatini iliidhinishwa mwaka 1989.

Dawa hizo hutumika dhidi ya saratani za shingo ya kizazi, ovari, mapafu, na za kichwa na shingo. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini Tanzania. Kwa mgonjwa wa Kivinje, safari ya matibabu hayo kwa miaka mingi imekuwa ni kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, umbali wa takriban kilomita 300.

Katika uzito wa sisplatini, asilimia 65 ni platinamu. Mgonjwa anayepewa miligramu 60 za dawa hiyo, kwa hiyo, huingiziwa mwilini takriban miligramu 39 za platinamu.

Kwa nini protini ni kikwazo

Protini hujengwa kwa amino asidi, na mbili kati ya hizo, sisteini na methionini, zina salfa. Dhahabu, fedha, platinamu na paladiamu huvutwa mno na salfa. Madini hayo yakiingia katika damu hujishikiza kwenye protini, hasa albumini, iliyo nyingi kuliko protini nyingine zote katika maji ya damu.

Lita moja ya maji ya damu ina gramu 60 hadi 80 za protini. Ikiwa ndani yake mna mikrogramu moja ya platinamu, mkemia anatafuta kitu kimoja kilichofichwa na kingine kilicho kizito kukizidi mara milioni 70.

Wingi huo wa protini huleta taabu za aina tatu. Kwanza, protini hutoa povu na kuziba mirija myembamba ya mashine. Pili, ikichomwa bila kuandaliwa huacha masizi yanayozuia mwanga na kupotosha usomaji.

Tatu, na hii ndiyo hatari zaidi, protini ikikutana na asidi isiyotosha kuivunja huganda kama ute wa yai katika maji ya moto. Madini hunaswa ndani ya mabonge hayo. Fundi akiyachuja na kuyatupa, ametupa pia kitu alichokuwa akikitafuta. Mashine itatoa namba iliyo safi kwa kuitazama, lakini iliyo chini ya ukweli.

Kuvunja protini bila kupoteza madini

Njia iliyozoeleka ni kuyeyusha sampuli yote. Kipande cha gramu 0.2 hadi 0.5 huwekwa katika chombo cha tefloni pamoja na asidi ya naitriki na, mara nyingi, haidrojeni peroksaidi. Chombo hufungwa kabisa na kupashwa moto kwa mawimbi ya maikrowevu hadi kufikia nyuzi joto 200 hivi. Protini huvunjika, kaboni yake hugeuka hewa, na kinachobaki ni maji maangavu yenye madini.

Hapo huzuka tatizo jingine. Dhahabu haitulii katika asidi ya naitriki peke yake. Hurudi kuwa metali na kujibandika kwenye kuta za chombo. Ili ibaki katika maji huhitaji asidi ya haidrokloriki, na platinamu nayo hunufaika na asidi hiyo. Lakini fedha ikikutana na kloridi hugeuka unga mweupe na kuzama chini.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu makini hugawa sampuli mafungu mawili: moja la fedha, jingine la dhahabu na platinamu. Maabara inayopima yote katika chupa moja inapaswa kueleza imelitatuaje tatizo hilo.

Kwa damu ipo njia fupi zaidi. Huchanganywa na maji yenye alkali, kama amonia, ambamo protini hubaki zimeyeyuka bila kuganda. Njia hii ni ya haraka, ingawa protini zote zinabaki ndani na mashine inalazimika kuzivumilia.

Mashine zinazotumika

Njia ya kwanza hupima mwanga unaofyonzwa na atomi, na msingi wake wa kisasa uliwekwa na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955. Tone dogo la sampuli huwekwa katika bomba la grafiti linalopashwa moto kwa hatua: kukausha, kuunguza mabaki ya protini, kisha kuzifanya atomi kuwa mvuke katika joto lizidilo nyuzi 2,000. Kila metali hufyonza mwanga wake mahususi, na kiasi kinachofyonzwa huonyesha wingi wake.

Njia ya pili haihitaji kuyeyusha kitu. Sampuli hupigwa na nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia, na dhahabu iliyomo huwa na mnururisho unaopungua kwa nusu kila baada ya siku 2.7. George de Hevesy na Hilde Levi waliianzisha njia hiyo mwaka 1936. Protini si kizuizi kwake, ila kinu cha nyuklia si kitu cha kila maabara.

Njia ya tatu, inayotegemewa zaidi leo, huingiza sampuli katika mwako wa hewa ya argoni wenye joto la nyuzi elfu kadhaa. Atomi hupoteza elektroni, huvutwa ndani ya mashine na kupangwa kwa uzito, moja baada ya nyingine. Mashine za kwanza za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 1983, na leo huweza kupima nanogramu chache katika lita moja.

Somo la pweza

Uwezo mkubwa wa mashine hauondoi uwezekano wa kudanganyika. Mfano mzuri unapatikana katika soko la samaki la pwani yoyote ya Kilwa.

Damu ya pweza ni ya buluu. Badala ya himoglobini yenye chuma, ina protini iitwayo himosianini, inayobeba oksijeni kwa kutumia shaba. Shaba yenye uzito wa atomu wa 65 ikiungana na argoni yenye uzito wa 40 ndani ya mwako, hupatikana kitu chenye uzito wa 105. Huo ndio uzito wa mojawapo ya aina za atomi za paladiamu.

Mkemia asiye na tahadhari anaweza basi kutangaza kuwa pweza ana paladiamu, kumbe ameona shaba iliyokumbatia argoni. Tangazo la namna hiyo linaweza kuharibu soko la mvuvi kwa kosa la hesabu.

Mitego ya aina hiyo ni mingi. Hafniamu iliyomo katika vumbi, ikiungana na oksijeni, hujifanya platinamu, kwa kuwa 179 na 16 ni 195. Tantalamu ikiungana na oksijeni hujifanya dhahabu, kwa kuwa 181 na 16 ni 197. Pete ya mtoa damu au ya fundi inaweza pia kuacha chembe katika sampuli.

Damu iliyosafiri kilomita 300

Kwa mgonjwa, ugumu mkubwa hauko katika mashine pekee, bali katika muda. Sisplatini ikishaingia katika damu huanza mara moja kujishikiza kwenye protini, na ndani ya saa chache zaidi ya asilimia 90 ya platinamu iliyo katika maji ya damu huwa imeshikwa. Platinamu iliyoshikwa haitibu. Inayopenya katika seli na kuua saratani, na pia kuumiza figo, ni ile iliyo huru.

Chukulia, kwa mfano, kwamba damu ya mgonjwa aliyetoka kupewa dawa hiyo imetolewa Kivinje, ikapandishwa basi Nangurukuru na kuvuka Daraja la Mkapa mtoni Rufiji kuelekea Dar es Salaam. Njiani, ndani ya chupa, platinamu inaendelea kujishikiza kwenye protini. Ikifika maabara, kiasi cha jumla hakijabadilika, lakini kile kilicho huru kimepungua. Daktari atasoma namba ya chupa na kudhani anasoma namba ya mgonjwa.

Dawa ya tatizo hilo inafahamika. Damu huzungushwa mara tu itolewapo ili kutenga maji yake, kisha maji hayo hupitishwa katika chujio linalozuia molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 30,000. Albumini, yenye uzito wa takriban 66,500, hubaki juu pamoja na platinamu iliyoishika. Inayopita ni ile iliyo huru, na hiyo ndiyo hugandishwa na kusafirishwa.

Platinamu iliyoshikwa nayo haiondoki upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wanaume waliotibiwa saratani ya korodani nchini Uholanzi ulionyesha kuwa ilikuwa bado inapimika katika damu yao zaidi ya miaka 10 baada ya matibabu.

Fomula iliyotokana na vipimo hivyo

Msomaji anaweza kuuliza: je, mgonjwa hupimwa platinamu kila anapopewa dawa? Kwa kawaida hapimwi, na sababu yake inaonyesha thamani ya kazi iliyoelezwa hapo juu.

Mwaka 1989 Hilary Calvert na wenzake nchini Uingereza walichapisha fomula ya kukokotoa dozi ya karboplatini. Walipima platinamu huru katika maji ya damu ya wagonjwa na kuona kuwa uondokaji wake hufuata uwezo wa figo kuchuja. Kwa mujibu wa fomula hiyo, dozi kwa miligramu ni sawa na kiwango kinacholengwa katika damu, kikizidishwa kwa jumla ya uchujaji wa figo na 25.

Ikiwa kiwango kinacholengwa ni 5 na figo zinachuja mililita 100 kwa dakika, dozi ni miligramu 625. Figo zikichuja mililita 40 tu, dozi hushuka hadi miligramu 325. Mgonjwa wa pili akipewa kwa makosa dozi ya wa kwanza, atakuwa amepewa karibu mara mbili ya anachostahili.

Platinamu iliyopimwa kwa uangalifu kwa wagonjwa wachache imewawezesha madaktari duniani kote kukadiria dozi kwa kupima figo tu. Lakini ulinzi huo una sharti moja, kwamba kipimo cha figo kiwe sahihi. Kipimo cha kreatinini kinachofanyika kabla ya dawa si urasimu. Ndicho kinachosimama mahali pa kipimo cha platinamu.

Funzo kutoka Geita

Tanzania imewahi kushuhudia upimaji wa metali katika sampuli za watu. Mwaka 2003, katika mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Rwamagasa, Geita, walichukuliwa damu, mkojo na nywele ili kupimwa zebaki wanayotumia kukamata dhahabu.

Zebaki si madini ya thamani, lakini hufuata kanuni ileile: hupenda salfa. Nywele ni protini yenye sisteini kwa wingi, na ndiyo maana huhifadhi kumbukumbu ya zebaki iliyoingia mwilini. Hata hivyo, mvuke wa zebaki unaweza kutua juu ya nywele kutoka nje, hivyo nywele peke yake haitoshi kumhukumu mtu kuwa ameathirika. Mkojo na damu hutoa ushahidi mwingine.

Mambo ya kuuliza

Majibu ya maabara kuhusu madini yaliyo katika damu, samaki au nyama yanapaswa kuambatana na ushahidi wa mambo manne.

La kwanza ni sampuli tupu, yaani asidi na maji vilivyopitishwa hatua zote bila damu wala nyama. Ikionyesha dhahabu, dhahabu hiyo ni ya maabara.

La pili ni sampuli rejea, ambayo kiwango chake kimethibitishwa na taasisi ya vipimo. Maabara isiyoipata namba inayojulikana haiwezi kuaminiwa kwa namba isiyojulikana.

La tatu ni urejeshaji. Kiasi kinachofahamika cha metali huongezwa katika sampuli kabla ya kuyeyushwa. Kikirudi nusu, nusu nyingine imepotelea katika mabonge ya protini au kwenye kuta za chombo.

La nne ni kumbukumbu za sampuli: ilitolewa saa ngapi, katika chupa gani, ilikaa katika joto gani, na ilichujwa lini.

Kwa mgonjwa anayetibiwa kwa dawa za platinamu, la kufanya ni rahisi zaidi. Asikwepe kupimwa figo kabla ya kila mzunguko wa dawa. Amweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinaweza kuongeza mzigo kwa figo. Anywe maji kwa kadiri atakavyoelekezwa, na aseme mapema akisikia mvumo masikioni au mkojo ukipungua.

Wafanyabiashara wa kale wa Kilwa waliweza kurudia kupima dhahabu yao mizani ilipotiliwa shaka. Mgonjwa aliyekwishapewa dozi isiyo yake hawezi kuirudisha, na kwa sababu hiyo kipimo chake hakina budi kuwa sahihi kabla dawa haijaingia katika mshipa.